Wimbo wa Fisi Hauna Mwenyewe

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Daftari hili lilikuwa la mjukuu wangu. Aliandika hesabu kurasa nne akaliacha, nimezichana. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini nilikuwa mnyapara wa ghala la maharage miaka thelathini na moja, kila gunia la mji huu lilipita mbele ya macho yangu, kwa hiyo mtu asije akanicheka mwandiko.

Naandika kwa sababu leo nimekuwa mtu wa kumbukumbu. Ofisi ya utamaduni imeunda kamati ya kuchagua nyimbo kumi na mbili za asili. Zitanaswa, zitahifadhiwa, na picha ya kila mwimbaji itatundikwa ukumbini ndani ya kioo. Kamati ni watu watano. Mwenyekiti ni Mwalimu, mstaafu, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Yupo kinyozi wa njia panda, yule mpiga gita. Wapo wawili ambao kazi yao ni kuitikia, mmoja wao ndiye katibu. Halafu nipo mimi. Na makao makuu wametuletea binti mmoja mwenye chombo cha kunasa sauti, nimempa jina la Kinasa, amecheka, amelikubali.

Wimbo wa kwanza katika hizo kumi na mbili nishaujua. Ni wimbo wa Fisi, wa wanawake wachambuaji wa ghala langu. Mwimbaji nitakuwa mimi, maana hakuna aliyeusikia mara nyingi kama mimi. Kila nilipoingia ghalani walikuwa wanaanza kuimba. Hawakuambiwa na mtu. Ni heshima tu. Hata mke wangu, ambaye nilimwoa kutoka mlemle kwenye nyungo, mpaka leo huuvumisha puani jikoni akisikia nimefika mlangoni.

Tarehe 5

Mvua imeanza. Goti linauma. Sijali.

Tarehe 9

Kikao cha kwanza. Ukumbi unavuja pembe ya kushoto, tumeweka ndoo, na ndoo ikawa inachangia hoja kuliko wale wawili wa kuitikia.

Swali lilikuwa moja: wimbo wa asili ni upi? Mwalimu alikohoa akasema ni ule ambao babu zetu waliukuta. Kinyozi akasema hapana, ni ule ambao watu wote wanauimba bila kufundishwa, hata kama umetungwa juzi. Nikamwambia kwa hesabu hiyo tangazo la sabuni nalo ni la asili. Watu wakacheka mpaka Mwalimu akasahau kukohoa. Kinasa yeye akasema angependa tuulize kila wimbo ulikuwa unafanya kazi gani. Nikamwambia, mjukuu wangu, wimbo sio kijakazi.

Mwisho nikasimama nikatoa sheria, na sheria ikapita: wimbo ambao mtunzi wake anajulikana si wa asili. Wa asili hauna mwenyewe. Umeandikwa kwenye kumbukumbu kama nilivyosema, neno kwa neno.

Fundi cherehani alikuwa ameleta wimbo wa mama yake. Ndani yake kuna cherehani. Nikamwuliza kama babu zetu walishonewa suruali na mashine. Akakunja karatasi yake akaondoka na mvua ikiwa kali.

Tarehe 10

Fundi cherehani amepita barazani kwangu bila salamu. Suruali yangu ya kikao iko kwake, haijakatwa upindo.

Tarehe 16

Leo nimemnyoa kinyozi.

Aliimba wimbo wa maziko, ule ambao mji mzima huuimba njiani kwenda makaburini. Aliuimba bila gita, nikampa sifa kwa hilo. Wale wawili walikuwa na machozi. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwuliza kwa upole kabisa, kijana wangu, wimbo mzuri hivi alitunga nani? Akajivuna. Akasema marehemu baba yake, akiwa anamzika dada yake mdogo, akataja na mwaka. Nikamgeukia katibu nikamwambia andika, mtunzi anajulikana, si wa asili.

Kinyozi alibaki mdomo wazi kama aliyekatwa wembe ukiwa katikati ya kidevu. Akasema mzee, yule alikuwa baba yangu. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe.

Wananiita mkali. Mkali nimeanza zamani. Kuna mwanamke mmoja pale ghalani tulikuwa tunamwita Mrefu. Nilimshuku. Nikawa siku nyingine, bila kutangaza, nawapima wanawake wote kwenye mizani ya magunia asubuhi wakiingia na jioni wakitoka. Mrefu siku moja jioni akazidi nusu kilo. Nikamwacha juu ya mizani mbele ya wote, nikampasua upindo wa sketi kwa kisu cha magunia, maharage yakamwagika kama mvua ya mawe. Hakurudi tena. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara watu hucheka, isipokuwa mke wangu, ambaye hana masikio ya mzaha.

Tarehe 20

Mvua. Paa la choo limeondoka. Mke wangu ametia chumvi kwenye chai yangu akidhani ni sukari. Nimemwambia anazeeka vibaya.

Tarehe 24

Kinasa amekuja nyumbani nifanye mazoezi. Nilivaa koti. Nimeimba Fisi mara tatu, sauti bado ni ya chuma. Maneno yake ni haya:

Fisi huyoo, fisi huyoo,
kaja kuhesabu watotoo,
mama funga mlangoo,
cha watu rudishaa.

Nimemweleza kwamba huu ni wimbo wa maadili, unafundisha kurudisha mali ya watu, ndiyo maana niliuruhusu ghalani kwangu. Nikamweleza pia kwamba mwendo wake ni mwendo wa ungo, wa kupepeta.

Sasa huyu binti ana udadisi. Akamwomba mke wangu apepete maharage kidogo. Mke wangu akatoka na ungo wake wa zamani, akaketi, akapepeta. Cha, cha, cha, cha. Kinasa akasikiliza, akapiga makofi taratibu, akacheza tena sauti yangu kwenye chombo, akakunja uso.

"Babu," akasema, "kupepeta kunakwenda sawasawa. Huu wimbo wako unachechemea."

Mke wangu aliangusha ungo. Alicheka. Alijifunika uso kwa nguo akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaingia ndani, na kule ndani akaendelea. Mwanamke huyu sijamsikia akicheka hivyo tangu tuoane. Nikamwambia Kinasa amwache, ni uzee.

Tarehe 27

Nimemwuliza alichekea nini. Amesema alikumbuka kitu.

Tarehe 28

Nimemwuliza tena. Anakatakata vitunguu kama hayupo mtu.

Tarehe 1, mwezi wa nne

Mafuriko njia panda. Duka la kinyozi limeingia maji mpaka kwenye kiti. Nimepita kuangalia.

Tarehe 2

Leo itabidi niandike sana, hata kama mkono unauma.

Baada ya chakula cha mchana mke wangu hakuondoa vyombo. Aliketi mbele yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kinasa ataniuliza kesho kutwa kikaoni," akasema. "Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukaambiwa na watu. Ule wimbo niliutunga mimi. Mimi na Mrefu."

Nikacheka. Nikamwambia mama watoto, wewe hata barua ya rambirambi unaomba jirani akuandikie.

Akaanza kusema polepole, macho yake yakiwa kwenye mguu wangu. Mguu huu wa kulia magunia yaliuangukia mwaka wangu wa kwanza ghalani, ukaunga vibaya, nikashonewa buti lenye bamba la chuma kisiginoni. Watu wote wanalijua hilo. Akasema sakafu ya ghala ni ya mbao, na mimi nilikuwa nasikika tangu ngazini. Mguu mzima, tu. Mguu mbovu, kwaa. Tu, kwaa. Tu, kwaa. Kwamba aliyekaa karibu na mlango ndiye aliyekuwa anaanza kuimba, na wengine wote wanapokea, na kila mwenye maharage kwenye upindo anayarudisha kwenye ungo kabla sijafungua mlango.

"Tulifuata mwendo wako ulivyo," akasema. "Tuliburuta maneno pale ulipoburuta mguu, ili usisikie tunavyomimina."

Nikamwuliza kwa hiyo fisi ni nani. Akaniangalia tu, kama unavyomwangalia mtoto aliyeuliza moto ni nini.

Nikamwambia kwa hiyo nilioa mwizi. Akasema ndiyo. Akaniuliza mwaka ule wa ukame nilipolala na kifua miezi mitatu nilidhani nakula nini, na watoto walikuwa wanakula nini. Akasema nililamba sahani na nikaomba nyongeza, nikasema maharage haya matamu umeyatoa wapi, na yeye akanijibu, kwa jirani.

Nikauliza la Mrefu. Kama mlikuwa wajanja hivyo, mbona nilimkamata? Hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti.

Siku ile, akasema, yeye hakuwepo. Alikuwa hospitali anamzaa binti yetu mkubwa. Mlangoni, mahali pake, walimkalisha mgeni, siku yake ya kwanza. Jioni nilipokuja kuwapima akasikia buti, hakujua kwamba anatakiwa aanze. Kukawa kimya. Mrefu akakutwa na maharage kwenye upindo, tena ujazo wa vikombe viwili, kwa ajili ya mtoto wake wa mgongoni. Kazi akakosa kila mahali, maana nilipeleka habari zake maghala yote. Mtoto hakumaliza mvua za mwaka ule. Mrefu naye hakukaa sana.

"Mimi picha ndani ya kioo sitaki," akasema. "Nataka jina la Mrefu liandikwe. Basi. Waandike kwamba ulitungwa na watu wawili, mmoja ni yeye."

Akalitaja jina lake halisi. Mimi nilikuwa silijui. Kwenye daftari la ghala nilikuwa naandika namba na uzito.

Nikamwambia sheria ni yangu mwenyewe: mtunzi akijulikana, wimbo unatoka. Ukisema hivyo unaniua mbele ya kinyozi. Akasema hajui mambo ya sheria, yeye anasema kilichotokea. Nikamkataza. Miaka arobaini na mbili nimemkataza mambo na akaacha. Safari hii aliinuka akaondoa vyombo.

Jina hilo silirudii hapa.

Tarehe 3

Sijalala vizuri. Asubuhi nimetoka uani nikarudi ndani, nikasikia hatua zangu kwenye saruji. Tu, kwaa. Upuuzi. Kila mtu ana hatua.

Tarehe 4

Kikao.

Nilifika mapema kabla ya watu nikakaa kitini. Mke wangu alikuja baadaye na Kinasa, amevaa nguo yake ya safari, amebeba ule ungo. Aliwasimulia yote. Alisimulia kwa sauti ndogo na ndoo ya pembeni ikawa inamkatiza. Alipofika kwenye Mrefu juu ya mizani, wale wawili wa kuitikia, ambao hadithi hiyo niliwahi kuwasimulia wakacheka, waliangalia chini.

Mwalimu alikohoa akaniuliza, mzee, unasemaje?

Nilishajiandaa. Nikasimamisha sauti, mwili nikauacha umekaa. Nikasema jamani naomba mnisitiri, nilikuwa naficha jambo la nyumbani kwangu. Mke wangu akili zimemruka. Nikasema anatia chumvi kwenye chai. Nikasema anacheka peke yake na Kinasa ni shahidi. Nikasema anazungumza na maiti, huyo Mrefu anamtaja kila siku kama yuko jikoni. Nikasema wimbo wa Fisi aliuimba bibi yangu mzaa baba, na bibi yake kabla yake, ghala likiwa bado pori. Sauti yangu ilitetemeka pale pa kutetemeka. Mimi ningekuwa mwigizaji ningekuwa na jina.

Mke wangu akaangalia ungo wake, akawa anaufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Kinyozi akasimama.

"Baba yangu alikuwa na jina, ukamtoa kwa sababu ya hilo jina," akasema. "Huyu mama amesimama hapa mzima, na yeye unamnyang'anya lake ili uingie wewe. Sawa. Mzee, hebu inuka utembee mpaka mlangoni. Tusikie."

Watu wote wakaniangalia miguu. Mvua ilikuwa imepungua, kila kitu kinasikika.

Nikasema sikuja hapa kupimwa.

Kinyozi akasema tembea tu, mzee, hatua sita.

Sikuinuka. Mwalimu akakohoa mara mbili akasema haifai kumdhalilisha mtu mzima, tupige kura. Mikono minne juu, na wa kwangu ukiwemo. Kinyozi peke yake alikataa. Katibu akaandika: Wimbo wa Fisi, wa asili, mtunzi hajulikani.

Nimeshinda. Nilikaa kitini mpaka wote wametoka, mpaka mtunza ukumbi akaja kumwaga ndoo akaniuliza kama naumwa.

Tarehe 6

Binti yetu mkubwa amekuja na gari la hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Hakuketi.

"Baba, umetangaza mbele ya watu kwamba mama anahitaji kuangaliwa," akasema. "Kuangalia wagonjwa ndiyo kazi yangu. Nimekuja kumchukua."

Nikamwambia ile ilikuwa lugha ya kikao. Akasema imeandikwa kwenye kumbukumbu, neno kwa neno, ameonyeshwa. Nikamwambia mama yako ni mzima kabisa. Akaniambia basi njoo useme hivyo ukumbini, nitakusubiri kwenye gari.

Nikakaa.

Mke wangu alifunga nguo zake kwenye shuka moja. Ungo akauweka juu. Mlangoni aliniambia maharage yamelowekwa, nisisahau kumwaga maji ya kwanza. Hayo tu.

Tarehe 7

Nimesahau kumwaga maji ya kwanza.

Tarehe 15

Mvua.

Tarehe 19

Mvua. Nikifika mlangoni nyumba inanikera, sijui ni nini.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Leo wimbo umenaswa. Kinasa alitaka unaswe palepale ghalani. Ghala liko vilevile, sakafu ileile, wanawake kama thelathini wamekaa kwenye chumba cha ndani na nyungo zao. Mnyapara wa sasa ni kijana mnene mwenye funguo nyingi. Alinipokea kwa heshima, akaniita mwalimu wake.

Kinasa aliniwekea kiti. Nikaimba. Akasimamisha chombo. Akasema babu, ukikaa unaimba sawasawa, kama kupepeta, wimbo umekufa. Nikaimba tena, nikapiga goti kwa kiganja. Akatikisa kichwa. Tangu ile kura huyu binti hacheki na mimi tena.

"Tembea," akasema. "Kutoka ngazini mpaka mlango ule. Vinginevyo sina cha kuhifadhi, na nafasi yako nitampa mwingine."

Kinyozi hakuwepo kuona. Hilo angalau.

Nikarudi ngazini. Nikaanza. Tu, kwaa. Tu, kwaa. Sikuwa hata nimefungua mdomo. Nyuma ya mlango ule sauti moja ya mwanamke ikaanza, fisi huyoo, na nyingine zote zikapokea, thelathini kwa pamoja, wakiburuta pale nilipoburuta. Nikaimba nao, ningefanya nini. Nikafika, nikasukuma mlango.

Nimeona. Mwanamke wa karibu na ukuta mkono wake ulikuwa unatoka kwenye upindo, na maharage ya mwisho yakidondoka kwenye ungo. Aliniona nimemwona. Hakuacha kuimba.

Mnyapara kijana alikuwa nyuma yangu, anatabasamu mpaka masikioni. Akaniinamia akasema, unaona mzee wangu wanavyonipenda? Kila nikiingia wanaimba, na mimi sijawahi kuwaambia.

Nilizitazama funguo zake. Neno moja tu lingetosha, na angewapanga wote kwenye mizani jioni hiyohiyo. Lakini neno hilo lingekuwa ni la mke wangu, na ingejulikana kwamba alisema kweli.

Nikamwambia ni heshima, kijana. Ni heshima tu.

Tarehe 11

Mvua zimeisha. Picha imetundikwa. Nimetoka vizuri, koti limekaa. Chini wameandika: Wimbo wa Fisi. Wa asili. Mtunzi hajulikani. Jina langu limewekwa kwa herufi ndogo, inabidi usogee. Nilisogea. Sakafu ya ukumbi inapiga mwangwi, na watoto wa shule waliokuja kuangalia picha na kusikiliza nyimbo, bila kugeuka kuona ni nani anakuja, wakaanza kuimba.

Nimerudi nyumbani. Nimesimama mlangoni kwangu na sasa najua kinachonikera. Miaka arobaini na mbili nikifika hapa jikoni kulikuwa na mtu anavumisha, na watoto wakiwa wadogo vilevile, akianza tu wao wanatulia, wanaficha wanachoficha. Nilikuwa nadhani nakaribishwa.

Nimeingia. Kimya. Nikatoka nje nikaingia tena, nikakanyaga kwa nguvu buti lisikike. Kimya. Mara ya tatu nilijaribu kutembea kwa namna nyingine, nikaanguka kwenye kizingiti.

Naandika nimekaa sakafuni. Kumbukumbu ibaki kama ilivyo: wimbo wa asili hauna mwenyewe. Sheria ni yangu.